Ilimba kwa TripleOscillator: wimbo mzima kwa kinanda kimoja cha bure

Kanuni ya shindano letu ni fupi: mwezi mmoja, kinanda kimoja cha programu, na kila sauti inayosikika kwenye wimbo itoke humo humo. Besi, ngoma, kayamba, melodia, vyote. Huruhusiwi kuchomeka sampo (kipande cha sauti iliyorekodiwa) ya ngoma uliyopewa na rafiki. Wazo hatukulibuni sisi. Watumiaji wa tovuti ya KVR Audio wana One Synth Challenge, ambako kila mwezi huchaguliwa kinanda kimoja cha bure na kila mtu anakitumia hicho hicho. Sisi wa Dodoma tumeongeza sharti moja tu: wimbo uwe na kitu cha Kigogo ndani yake.

Sharti hilo ndilo linalowatoa watu jasho. Wengi huanza kwa kutafuta sauti inayofanana na ilimba, ala ya Wagogo yenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Wanazungusha vitufe hadi usiku wa manane, wakipiga bado inasikika kama kengele ya mlangoni. Sauti yenyewe mara nyingi haina kosa. Kilichokosewa ni kutyuni. Noti zikikaa mahali Wagogo wanapoziweka, hata wimbi la kawaida kabisa linaanza kunukia Chamwino, huko Ugogoni. Kwa hiyo nitakaa sana hapo, mengine nitayapitia haraka.

Hatua ya 1: Programu

Pakua LMMS. Ni programu huria ya kutengenezea muziki, yenye leseni ya GPL, inakubali Windows, Linux na Mac, na haiitesi kompyuta ya zamani. Kinanda cha mwezi huu ni TripleOscillator, na kimo ndani ya LMMS tayari; ukifungua mradi mpya unakikuta kwenye traki ya kwanza. Bando lako linaishia hapo. Surge XT, kinanda kingine cha programu, nayo ni nzuri mno na ni ya bure, ila LMMS 1.2 haifungui programu-jalizi za VST3 kama hiyo, kwa hiyo tuiache hadi zamu yake ifike.

Mradi mpya huja na tempo ya 140 na mapigo ya 4/4. Weka 6/8, na ushushe tempo hadi karibu 110 wakati unajenga sauti, utaipandisha baadaye. Hifadhi faili sasa hivi, kabla umeme haujaamua lake.

Hatua ya 2: Noti zenyewe

Waliopita kwaya watanielewa upesi, maana nitatumia do-re-mi.

Uzi wa zeze au wa ndono (upinde wa muziki) ukitikisika mara 100 kwa sekunde, ndani yake kuna pia mitikisiko ya 200, 300, 400 na kuendelea. Hizo ndizo harmoniki. Muziki wa Kigogo umejengwa juu ya hizo, hasa kuanzia ya 4 hadi ya 9 au ya 10, na waimbaji huzifuata kwa sauti zao. Chukua ya 6 hadi ya 10: hezi (mitikisiko kwa sekunde) 600, 700, 800, 900 na 1000. Ukiiita 800 kuwa do, basi 600 ni so ya chini, 700 ni ta (yaani ti iliyoshushwa), 900 ni re na 1000 ni mi. So, ta, do, re, mi. Noti tano, na zinatosha.

Sasa linganisha na kinanda cha kawaida, ambacho do yake tumeiweka 800. So yake iko 599, re yake 898. Hapo hakuna ugomvi. Lakini mi yake iko karibu 1008, na ta yake karibu 713. Hezi 13 juu ya mahali pake! Ndiyo maana ukiucheza wimbo wa Kigogo kwa kinanda cha kanisani, noti moja inakuwa kali kiasi cha kukera, na mzee aliyekaa pembeni anakunja uso bila kukwambia sababu.

Kwa kipimo cha senti, ambapo nusu-toni moja ni senti 100, masahihisho ni haya: ta ishuke senti 31, mi ishuke senti 14, re ipande 4, so ipande 2. Hizo mbili za mwisho achana nazo, sikio halitazidai.

Kabla hujaendelea, tafuta rekodi za Hukwe Ubi Zawose (1938–2003), mwanamuziki wa Kigogo, usikilize ilimba yake tu, uache kwanza sauti ya uimbaji. Kama unaweza kufika Chamwino wakati wa Tamasha la Muziki wa Cigogo, bora zaidi. Utagundua pia kwamba ilimba mbili hazilingani kabisa, kwa kuwa kila fundi hutyuni kwa sikio lake. Namba nilizokupa ni mahali pa kuanzia.

Hatua ya 3: Sauti ya ilimba

Fungua TripleOscillator. Utaona safu tatu za vitufe vya kuzungusha, kila safu ni oseleta moja, yaani chanzo kimoja cha wimbi la sauti. VOL ni ukubwa wa sauti, CRS hupandisha au kushusha kwa nusu-toni, FL na FR hurekebisha kwa senti upande wa kushoto na wa kulia.

Oseleta ya kwanza: wimbi la sain, CRS −12, VOL karibu 50. Hii ndiyo noti yenyewe.

Oseleta ya pili: sain tena, CRS +20, FL na FR zote −22, VOL karibu 10. Huu ndio mlio wa chuma. Ukanda wa chuma uliobanwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili hutoa mlio wa pili ulio juu mara 6.27 ya ule wa kwanza, na hiyo ni nusu-toni 31 na senti 78. CRS haivuki 24, ndiyo maana tumeishusha oseleta ya kwanza kwa 12 ili tofauti itimie. Ilimba halisi huachana kidogo na namba hiyo, kwa sababu ulimi wake umebanwa kwa namna yake, basi chezea FL na FR hadi sikio likubali. Kumbuka tu kuandika noti zako oktavu moja juu.

Oseleta ya tatu: wimbi la msumeno, CRS −12, VOL 5 au 6, isizidi. Ilimba huwa na tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaotoa ule mnguruno mwembamba. Wanaoiacha oseleta hii wanapata sauti safi, na usafi huo ndio unaowaponza.

Nenda kwenye ENV/LFO, panapopangwa sauti ibadilike vipi tangu noti ipigwe. Upande wa VOLUME, weka ATT (muda wa kupanda) sifuri, DEC (muda wa kufifia) kiasi, SUST (kiwango kinachobaki) sifuri, kisha pandisha AMT (nguvu ya mabadiliko hayo) hadi mwisho. AMT ikibaki sifuri, hivyo vingine vyote ni mapambo. Halafu washa FILTER, chagua LowPass (hupitisha sauti za chini tu), shusha FREQ, yaani mpaka wa filta, hadi sauti iwe bubu. Nenda upande wa CUTOFF, unaosogeza mpaka huo, weka DEC fupi na upandishe AMT taratibu. Sasa kila noti inaanza na mlio wa chuma na mnguruno, kisha filta inajifunga na kubaki sauti ya mviringo. Oseleta zote tatu zinatumia ENV moja ya VOLUME, hivyo hii ndiyo njia ya kuufanya mlio wa juu ufe mapema kuliko noti.

Hatua ya 4: Nakala tatu

Sauti ikishakuridhisha, na si kabla, bonyeza kitufe cha gia kwenye traki na uchague Clone this track, mara mbili. Una traki tatu zinazofanana. Ya kwanza iache ilivyo; hiyo itapiga so, do na re. Ya pili weka kitufe cha PITCH kwenye −14, iite mi. Ya tatu −31, iite ta. Kila noti iandike kwenye traki yake. Mwanzoni inachosha kidogo, mkono utazoea.

Jaribu sasa: so, ta, do, polepole. Kisha irudishe ta kwenye sifuri na upige tena. Ukishasikia tofauti hiyo hutarudi nyuma.

Hatua ya 5: Jozi

Waimbaji wa Kigogo huimba sauti mbili kwa kuruka noti moja ya ngazi. So huenda na do, ta huenda na re, do huenda na mi. Andika melodia moja, kisha iwekee mwenzake kwa kuruka hivyo. Usiongeze kodi za gitaa la bongo fleva juu yake, zitapigana na ta.

Hatua ya 6: Ngoma na kayamba

Muheme, ngoma ya Wagogo, hupigwa na wanawake ikiwa imebanwa mapajani, kwa hiyo usiitengeneze kama besi ya singeli. TripleOscillator mpya, sain peke yake, SUST sifuri, DEC fupi. Ngoma inataka noti ianguke kidogo ikishapigwa: kwenye Piano Roll (dirisha la kuandikia noti) bonyeza Shift+T, bofya noti, na uchore mstari unaoshuka. Tengeneza tatu za ukubwa tofauti, na usizifanye zote zipige kwa nguvu ile ile. Kayamba ni wimbi la kelele, filta HiPass (hupitisha sauti za juu tu), DEC fupi sana.

Raha ya kazi hii ni kwamba upepo wa Dodoma wa Julai hauingii kwenye rekodi.

Hatua ya 7: Kutuma

Wapiga kura wetu wengi husikiliza kwa simu. Spika ya simu haitoi besi ya chini, hivyo ngoma kubwa iongezee oseleta ya pili, oktavu moja juu, sauti ndogo. Sikiliza kwa simu yako mwenyewe kabla ya kutuma.

Toa MP3 ya kbps 128, ni karibu MB 1 kwa dakika. Ambatisha na faili la .mmpz, yaani mradi wako wa LMMS. Ni dogo, na kwa kuwa TripleOscillator iko kwenye kila LMMS, mwenzako akilifungua atakuta kila kitufe pale pale ulipokiacha.