Kuunganisha ofisi mbili za Bukavu: usisahau njia ya kurudi

Ofisi moja iko Ibanda, nyingine Kadutu. Antena zinatazamana, taa zinawaka, lakini kompyuta za Kadutu hazifikii seva ya Ibanda. Kabla hujapanda tena juu ya paa kugeuza antena, angalia njia zilizomo ndani ya ruta, kifaa kinachopitisha data kati ya mitandao.

Ruta haijui safari nzima ya pakiti, yaani kipande cha data kinachosafirishwa. Mzigo wa Butembo ukitoka Bukavu, mtu wa bandarini hahitaji kujua zaidi ya kwamba unapanda meli ya Goma. Habari za lori ni za watu wa Goma. Ruta nayo husoma anwani ya mwisho, hutafuta kwenye jedwali lake mstari unaolingana nayo, kisha huikabidhi pakiti kwa ruta jirani. Mistari miwili ikilingana, wenye eneo dogo zaidi ndio unaoshinda: /24 (kundi la anwani 256) hutangulia /0 (anwani zote).

Anza na karatasi: panga anwani. Ofisi zote mbili zikibaki na 192.168.1.0/24, kama ruta nyingi zinavyotoka dukani, kila kompyuta itadhani mwenzake yuko chumba cha pili na haitampa ruta kitu. Tuseme basi:

Ibanda: 192.168.10.0/24, seva ni 192.168.10.5, na intaneti inaingilia hapa.
Kadutu: 192.168.20.0/24.
Kati ya ruta hizo mbili: 10.0.0.0/30, Ibanda 10.0.0.1, Kadutu 10.0.0.2. Hiyo /30 ina anwani mbili tu za kutumia, na ndizo unazohitaji.

Kama ruta zako ni kompyuta za Linux, ziruhusu zote mbili kupitisha pakiti za wengine:

sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1

Kadutu hutosha njia moja ya jumla:

ip route add default via 10.0.0.1

Ibanda, njia ya kurudi:

ip route add 192.168.20.0/24 via 10.0.0.2

Mstari huu wa mwisho ndio unaosahauliwa. Bila huo, pakiti ya Kadutu inafika kwa seva vizuri kabisa, seva inajibu, na ruta ya Ibanda, isiyojua 192.168.20.0 iko wapi, inalirusha jibu upande wa intaneti, ambako anwani za faragha (za mitandao ya ndani, kama 192.168) hazipokelewi. Anayesubiri Kadutu anaona kimya tu.

Hapa kuna mtego. Ukituma ping (pakiti ndogo ya kuomba jibu) kutoka kwenye ruta yenyewe ya Kadutu, inajibiwa! Ni kwa sababu inatoka na anwani 10.0.0.2, ambayo Ibanda inaijua kwa kuwa imeunganishwa nayo moja kwa moja. Jaribu kutoka kwenye kompyuta ya mtumiaji, au ilazimishe ruta itumie anwani yake ya ndani, hapa 192.168.20.1:

ping -I 192.168.20.1 192.168.10.5

Kadutu ikifikia seva lakini haipati intaneti, tazama NAT ya Ibanda, inayobadilisha anwani za faragha kuwa ya umma pakiti zinapotoka: huenda imeandikwa kwa 192.168.10.0/24 peke yake. Ongeza 192.168.20.0/24.

Ukiendesha traceroute (amri inayoonyesha kila ruta ambayo pakiti inapitia) kutoka Ibanda kwenda Kadutu, ukaona anwani za ruta hizo mbili zinapokezana mstari baada ya mstari, pakiti inazunguka. Ibanda inaipeleka Kadutu. Kadutu, ikiwa mtandao wake wa ndani umetoka kwenye jedwali, inaifuata njia ya jumla na kuirudisha Ibanda. Kila ruta inapunguza TTL, hesabu ya hatua zilizobakia pakiti, kwa 1 hadi pakiti ife. Rudisha kwanza mtandao wa ndani wa Kadutu: kebo, swichi, anwani ya ruta.

Tena, amri hizo zote hukaa kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika usiku, asubuhi hakuna njia hata moja. Ziandike kwenye faili za mipangilio ya mtandao, na ile ya sysctl uiweke ndani ya /etc/sysctl.d/, kisha uzime na kuwasha ruta mwenyewe ukiwa bado uko hapo.

Na kompyuta ya Windows isipojibu ping wakati kila kitu kingine kinapita, usiguse njia: ngome yake (firewall) mara nyingi hukataa ping inayotoka mtandao mwingine.