Pistoni za Morris Minor yenye hedi ya alumini: pima kwanza, agiza baadaye

Wanaokuja kwangu na Morris siku hizi wengi wao gari wamerithi, injini ya 1275 cc ilishatiwa zamani badala ya ile ya asili, na ndugu aliyeko Uingereza kawaletea hedi mpya ya alumini, yaani kile kifuniko cha juu ya silinda chenye valvu na plagi. Hedi bado imo ndani ya boksi, na tayari wanataka kuagiza pistoni. Mimi huwazuia. Hedi ikibadilika, hesabu yote ya kompresheni, yaani mchanganyiko wa petroli na hewa unabanwa mara ngapi, imebadilika, na pistoni ndiyo ya kuisawazisha. Huwezi kuichagua kabla hujajua hedi inabeba ujazo gani.

Kijana mmoja aliniambia, "Ami, si imeandikwa hapa, chemba ni 21 cc?" Chemba ni kile kibonde cha hedi ambamo moto huwaka. Imeandikwa, ndiyo. Lakini chemba zikishasafishwa kwa mashine na valvu zikishakalishwa vizuri kwenye viti vyake, ujazo husogea. Basi pima mwenyewe. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano kubwa, lile lenye mistari ya ml, na sindano yenyewe usiichukue. Tafuta kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, kitoboe tundu dogo. Laza hedi chali, plagi na valvu zikiwa mahali pake, paka grisi nyembamba ukingoni mwa chemba, bandika plastiki, kisha tia mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta mekundu ya gia-boksi ili uyaone vizuri. Yakijaa bila kiputo cha hewa, soma umetia kiasi gani. Pima chemba zote nne. Zikipishana zaidi ya nusu cc, mpe fundi wa hedi azisawazishe, ile ndogo ifuate kubwa.

Sasa hesabu. 1275 ya kiwandani ina tundu la mm 70.61 na pistoni inasafiri mm 81.28. Tuseme silinda zimelika na bloku inakwenda "ishirini", yaani inchi 0.020 juu ya standadi: tundu linakuwa mm 71.12, na kila silinda inafagia 323 cc. Tuseme chemba umepima 22 cc. Gasketi yenye tundu la mm 73 na unene wa mm 0.9 ikishakazwa ni 3.8 cc. Pistoni ikifika juu kabisa inabaki chini ya uso wa bloku kwa mm 0.25, hiyo ni 1 cc. Jumla 26.8.

Gawanya 323 kwa 26.8, kisha ongeza moja. Unapata 13 kwa 1. Hiyo ndiyo kompresheni utakayoipata ukinunua pistoni bapa, zile zinazong'ara na kila mtu kuzitamani. Kwa jua letu na petroli ya kununua popote uipatapo, injini itagonga, yaani mchanganyiko utalipuka ovyo ndani ya silinda, ikipanda kamlima kadogo tu, na kugonga huko hutoboa pistoni.

Mimi kwa gari ya kutembelea hapa Unguja, mjini na Bububu, siendi juu ya 9.5. Wako watakaokwambia alumini inapoza vizuri kwa hiyo unaweza kupanda zaidi. Ni kweli inapitisha joto kuliko chuma, lakini faida hiyo iache iwe akiba yako ya foleni ya saa saba mchana. Ili upate 9.5, toa ile moja tuliyoiongeza, inabaki 8.5; basi nafasi yote juu ya pistoni iwe 323 gawanya kwa 8.5, yaani 38 cc. Toa 26.8, inabaki 11.2. Basi unatafuta pistoni yenye bakuli la 11 cc hivi kichwani. Ukichukua ya 6.5 cc, ambayo ni rahisi kuipata, unaangukia 10.7. Hiyo waachie wanaokwenda kwenye mashindano.

Kuna mafundi watakaokushauri ununue tu pistoni yoyote, halafu utie gasketi mbili kushusha kompresheni. Kataa. Ule ubapa wa hedi unaokaribiana na ukingo wa pistoni ndio unaousukuma mchanganyiko kuelekea plagi. Hapa kwetu nafasi hiyo ni 0.25 na 0.9, yaani mm 1.15, na hiyo ni nzuri. Ukiitanua, moto unawaka ovyo na injini inaweza kugonga hata kama kompresheni umeishusha. Ujazo uutafute kwenye bakuli la pistoni, ukingo uachwe karibu na hedi.

Pistoni zikifika, zipime nazo. Iteremshe moja ndani ya silinda iliyokwisha kuchongwa mpaka ukingo wake uwe mm 10 kamili chini ya uso wa bloku, ziba pembeni kwa grisi, bandika plastiki, jaza. Silinda tupu ya mm 71.12 kwa kina hicho ni 39.7 cc. Ikila 50.7, bakuli ni 11. Angalia pia kimo kutoka katikati ya pini (ile inayoishika pistoni kwenye konrodi, mkono unaokwenda kwenye kranki) hadi ukingoni juu, maana pistoni mbili za tundu moja zinaweza kupishana hapo, na ile 0.25 yetu ikapotea. Na pini yenyewe: ni ya kushindiliwa kwenye konrodi au ya kuzuiwa kwa vipete? Konrodi zako zikubali aina hiyo.

Bloku isichongwe kabla pistoni hazijawa mkononi. Fundi wa mashine apime pistoni kwanza, kisha achonge kwa nafasi aliyoandika mtengenezaji. Pistoni za kufuliwa, yaani zilizoshindiliwa umbo kwa nguvu (forged), hutaka nafasi kubwa kuliko za kumiminwa kwenye kalibu (cast). Kwa Morris ya mjini za kumiminwa zinatosha kabisa. Uzito nao upime. Mizani ya sonara inafaa sana kwa kazi hii, na masonara wa Mji Mkongwe wamenizoea.

Mwenye bloku ya injini ndogo, ya 1098 cc, ana shida nyingine. Tundu lake ni mm 64.58 tu, na hedi ya upana wa 1275 itaifanya valvu ya moshi igonge ukingo wa bloku, mpaka uchonge vijishimo.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, bandika udongo wa watoto wa kuchezea juu ya pistoni, funga hedi na gasketi, rekebisha valvu, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili. Fungua, ukate udongo, upime pale ulipobonyea. Valvu ya kuingiza nataka mm 2, ya moshi mm 2.5.

Na maji ya kisima usitie kwenye rejeta. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi huila alumini. Tia kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji safi yasiyo na madini, tokea siku ya kwanza.