Kabla ya kumpelekea mwalimu wa uigizaji kipande chako

Juzi mdogo wangu alinijia usiku, ana somo lake la kwanza asubuhi kwa mwalimu mzee wa jukwaa, mmoja wa waliosoma Bagamoyo enzi za Chuo cha Sanaa, kabla hakijawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Nilimwelekeza hivi.

1. Chagua kipande cha mchezo wa kuigiza. Dakika mbili zinatosha. Lazima awepo mtu anayeambiwa maneno hayo.

2. Kinakili kwa mkono. Daftari na penseli, ruka mstari mmoja kila unapoandika. Usisomee kwenye simu: mwalimu atataka ufute, uandike, ufute tena.

3. Kila mstari uupe kitenzi, yaani unamfanya nini huyo unayemwambia. Hapa mimi nilikwama majuma mawili. Mstari wangu ulikuwa "Baba, mlango uko wazi." Nilikuwa nikiusema huku machozi yananitoka, nikiamini nimeupatia. Mwalimu akauliza, "Unamfanya nini baba yako?" Nikajibu, "Nina uchungu." Akasema, "Mwanangu, sikukuuliza una nini."

Stanislavski, Mrusi aliyeshiriki kuanzisha Jumba la Maigizo la Sanaa la Moscow mwaka 1898, alifundisha kwamba mhusika daima ana jambo analolitaka. Kiswahili kinakurahisishia kulipima: kitenzi chako kikubali "m" ya mtendwa. Ninamsuta, ninamtega, ninamchokoza, ninambembeleza. "Nimekasirika" haina wa kumfikia, ifute.

Lakini angalia, "ninampenda" nayo ina "m", na haifai. Hiyo ni hisia, huwezi kuianza mwalimu akipiga makofi. Kwa hiyo chuja mara ya pili: nikimtazama usoni, nitajuaje kwamba nimefaulu? Ukimsuta, atainamisha macho. Ukimpenda, utaona nini? Vitenzi kama "kumwambia" na "kumweleza" viogope kabisa; kila anayefungua mdomo anaeleza, na sauti yako itakuwa ya msoma taarifa ya habari.

Tena usibadilishe kitenzi kwa kila neno. Kaa na kimoja mpaka mwenzako akikatae, kisha ndipo ushike kingine. Umembembeleza, amegeuza uso, sasa mtishe. Kama umeandika vitenzi kumi na viwili kwa mistari kumi na miwili, rudi ufute nusu.

4. Kariri. Ukifagia, ukifua, ukitembea. Usikariri mbele ya kioo, nakusihi. Kioo kinakufundisha kujitazama wewe, na kazi yako yote iko usoni kwa mwenzako.

5. Siku ya somo. Fika mapema, toa shikamoo, vaa nguo unayoweza kukaa nayo chini. Akikukatisha, anza upya bila kujieleza. Akikupa kitenzi chake, kijaribu kabla hujatetea chako.

Mimi kwenye ule mstari wa mlango nilikuwa nimeandika "kumbembeleza", nikijivunia sana. Mwalimu alichukua penseli, akakifuta, akaandika "kumfukuza". Maneno ni yaleyale manne. Niliyasema polepole, bila chozi hata moja, nikimtazama mwenzangu aliyekuwa baba. Akashika magoti yake, akainuka kwenye kiti, akaanza kutafuta viatu.