Kupima mwitikio wa kichafuzi kimoja kwenye nukta ya mpito wa antiferomagneti: hatua kwa hatua

Wanafunzi wa uzamili wanaoanza kuhesabu vichafuzi (atomi ngeni) ndani ya antiferomagneti, yaani kitu ambacho spini jirani (sumaku ndogo za atomi) huelekea pande zinazopingana, huniletea swali lile lile: "Mbona jibu langu linatoka 0.25 wakati makala zinasema 0.262?" Karibu kila mara shida iko kwenye hatua ya nne hapa chini, kwa hiyo mwenye haraka aende huko moja kwa moja.

Kwanza, tunatafuta nini? Katika fuwele kama TlCuCl3 (thaliamu, shaba na klorini), spini za shaba hufungamana mbili mbili. Ukiondoa shaba moja ukaweka magnesi, ambayo haina spini, mwenzake anabaki mjane: spini huru ya 1/2. Mazingira yakiwa mbali na mpango wa kisumaku, mjane huyo hufuata sheria ya Curie ya kawaida, yaani Tχ = S(S+1)/3 = 1/4, ambapo T ni halijoto, χ ni mwitikio kwa uga wa sumaku, na S ni 1/2. Mwaka 1999 Sachdev, Buragohain na Vojta walitabiri kwamba kwenye nukta yenyewe ya mpito, pale mpango wa kisumaku unapoanza, katika mfumo bapa wa vipimo viwili, namba hiyo hubadilika na kuwa nyingine isiyotegemea undani wa latisi (mpangilio wa atomi). Mwaka 2007 Höglund na Sandvik waliihesabu: 0.262, kwa kosa la 0.002. TlCuCl3 ni ya vipimo vitatu, kwa hiyo usije ukalinganisha namba hii na matokeo yake ya maabara.

Hatua ya 1: Modeli

Modeli ya Heisenberg (spini jirani hufungamana kwa nguvu J) ya spini 1/2, tabaka mbili za L × L, L iwe namba shufwa, mipaka ya kuzunguka (ukingo mmoja umeunganishwa na wa pili). Chagua ile ambayo J iko ndani ya tabaka la chini tu, na spini za juu zimeshikwa na za chini kwa J⊥, nguvu ya kati ya tabaka, peke yake. Mpito wake uko J⊥/J = 1.3888. Usikate desimali! Ukiweka 1.4 umekosea kwa 0.0112; ukiipandisha kwa kipeo cha mpito huu, ν = 0.711, unapata takriban 0.04, maana yake chini ya T ya karibu 0.04J hupimi tena nukta ya mpito.

Ondoa spini moja ya tabaka la juu. Ukiondoa ya chini, aliye juu yake hana wa kumshika, na utakuwa umepima spini iliyotengwa kabisa.

Hatua ya 2: Programu

Monte Carlo ya kikwantamu (kuhesabu kwa sampuli za kubahatisha) ya msururu wa nasibu (stochastic series expansion), yenye kupindua vitanzi, yaani makundi ya spini yanayopinduliwa pamoja. Sandvik ameweka hadharani programu fupi ya Fortran, anzia hapo. Python iache ichore grafu.

Hatua ya 3: Kipimo

Usipime M², mraba wa sumaku yote ya mfumo, kwa kujumlisha spini. Kwa kila kitanzi hesabu w, idadi ya mara kinavyozunguka mhimili wa muda (wa kubuni, wenye urefu 1/T), kisha Tχ ni wastani wa jumla ya w²/4. Nukta ya latisi isiyoguswa na opereta yoyote (kipande cha msururu kinachounganisha spini mbili) ni kitanzi chenye w = 1; programu nyingi huiruka. Jaribu kwa spini moja isiyoshikwa na chochote: lazima upate 0.25 kamili.

Hatua ya 4: Kutoa mfumo safi

Unachotaka ni Tχ ya mfumo wenye kichafuzi kasoro Tχ ya mfumo safi. Ni kutoa namba mbili kubwa zinazokaribiana, na tofauti inayotafutwa, kati ya 0.262 na 0.25, ni 0.012 tu. Kosa la takwimu likizidi 0.002 huna cha kusema.

Sasa mtego wenyewe. Ukiondoa spini moja, na latisi ukaigawa kama ubao wa drafti, nusu moja inaizidi nyingine kwa nukta moja. Nadharia ya Lieb na Mattis inasema hali ya chini kabisa ya mfumo huo ina spini 1/2, na ya mfumo safi ina spini 0. Kwa hiyo ukishikilia L na kushusha T, jibu litakwenda 0.25 hata ungefanya nini, na halina uhusiano wowote na nukta ya mpito. Lazima L ikue kwanza kwa kila T, ndipo ushushe T. Mimi huanza na LT/J = 4, kisha 8, na siiamini nukta yoyote ambayo kuongeza L mara mbili kunaihamisha nje ya kosa lake.

Ila L ina bei. Kwa M² ya kawaida kosa hukua kama L², hivyo kuongeza L mara mbili kunadai sampuli mara 16, na kila sampuli ni ghali mara 4: jumla mara 64. Kwa vitanzi kosa hukua kama L tu, na bei inashuka hadi mara 16. Ndiyo maana hatua ya 3 haina mjadala.

Makosa ya mifumo miwili yajumlishwe kwa miraba. Gawa muda wa kompyuta sawa kwa yote miwili. Wengi huubania mfumo safi, kisha kelele yake ndiyo inayoharibu kila kitu.

Hatua ya 5: Grafu

Chora Tχ dhidi ya T/J, ukitumia nukta zilizopita mtihani wa L peke yake. Mkunjo ukipanda juu ya 0.25 halafu ukarudi 0.25 kwenye T ndogo kabisa, ongeza L kabla ya kuandika lolote.