Kuzitambua siku za kushika mimba kwa dalili za mwili

Wanawake wengi wamefundishwa kwamba yai hutoka siku ya 14 tangu hedhi ianze, wakahesabu kwa kalenda, na wengine wakapata mimba wasiyoitarajia au wakaikosa waliyoitamani. Ukweli ni kwamba yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 huifikia siku hiyo karibu na siku ya 21. Ndiyo maana namsihi kila mwanamke ausome mwili wake mwenyewe, na aanze na ute utokao ukeni.

Hedhi ikishakoma, wengi hukaa wakavu kwa siku kadhaa, kisha hutokwa na ute mzito, mweupe, unaonata na kukatika upesi. Kadiri yai linavyokaribia kutoka, ute huo huongezeka, ukawa mwepesi na wa kuteleza kama ute wa yai bichi la kuku. Jifute kwa karatasi safi kabla ya kukojoa, ushike ute kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha uvitenganishe polepole: ukivutika kama uzi bila kukatika, uwezekano wa kushika mimba ni mkubwa mno. Ndani ya ute wa namna hiyo mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku 5, ilhali yai halizidi saa 24, hivyo anayetafuta mtoto asisubiri yai litoke ndipo akutane na mumewe.

Dalili ya pili ni joto la mwili. Hupimwa alfajiri, kipimajoto kikiwa chini ya ulimi, kabla hujainuka kitandani wala kunywa chochote. Yai likishatoka, joto hupanda kwa nyuzi za Selsiasi 0.2 hadi 0.5 na kubaki juu hadi hedhi ikaribie; kwa hiyo huthibitisha yaliyopita, halitabiri yajayo. Malaria, au usiku wa kukesha na mtoto mgonjwa, huvuruga kipimo hicho.

Andika kila jioni ulichokiona, kwa mizunguko isiyopungua 3, kabla ya kuanza kukitegemea. Anayetaka kuzuia mimba ajifunze kwanza kwa mhudumu wa afya, hasa akiwa ananyonyesha au ameacha sindano za uzazi wa mpango karibuni, maana wakati huo dalili huchanganya. Ute wa kijani, unaonuka au unaoambatana na muwasho usiuandike kama dalili ya rutuba. Uwahi kituo cha afya ukapimwe.