Maandishi ya ramani yamfikie mwashi: AutoCAD hatua kwa hatua, kwa nyumba za Lamu

Katika ramani ya ukarabati wa nyumba ya Mji Mkongwe wa Lamu, sentensi moja yaweza kuwa na uzito kuliko mistari yote iliyochorwa: "Simiti isitumike: ukuta huu upigwe plasta ya chokaa." Kuta zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, na unyevu unaoingia ndani yake lazima upate njia ya kutoka. Ukizipaka simiti unyevu hunaswa, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, kisha plasta hubanduka na jiwe lenyewe huanza kumomonyoka. Kwa hiyo mwashi asipoiona sentensi ile, tumeidhuru nyumba tuliyotaka kuiokoa.

Hapo ndipo maandishi ya programu za kuchora yanapoudhi. Ndani ya Word unakoleza neno, unapanga orodha, unapanua nafasi kati ya mistari, yote kwa kubofya. Ndani ya AutoCAD kitufe cha kukoleza wakati mwingine kimezimwa kabisa, aya inajikata katikati bila kuulizwa, na faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine maneno yanapanda juu ya kuta. Malalamiko ya wachoraji ninayaelewa. Lakini mengi ya matatizo haya yana sababu, na ukiijua sababu unapata pa kupitia.

Hatua ya 1: Amua karatasi kabla ya kuandika neno lolote

Ramani rasmi huchapwa A1, yaani milimita 841 kwa 594. Inayofika kwenye kazi mara nyingi ni fotokopi ya A3, 420 kwa 297. Kila upande umepungua nusu, na maandishi pia.

Kiwango cha kimataifa cha herufi za michoro, ISO 3098, kina mfululizo wa vimo kwa milimita: 1.8, 2.5, 3.5, 5, 7 na kuendelea, kila kimoja kikizidi kilichotangulia kwa takriban mara 1.4. Wengi huandika kwa 2.5 kwa sababu inapendeza kwenye skrini. Kwenye A3 hiyo inakuwa 1.25, na mtu aliyesimama juani kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, karatasi imeshaingia vumbi la chokaa, hawezi kuisoma. Ukianza na 3.5 utabaki na 1.75, ambayo ni karibu sawa na kimo kidogo kabisa katika orodha niliyoitaja. Kwa hiyo kwenye A1 maelezo yote yawe 3.5, majina ya vyumba 5, na vichwa 7. Usishuke chini ya hapo hata nafasi ikibana; afadhali uongeze karatasi ya pili.

Hatua ya 2: Chagua fonti ukijua imeundwaje

Andika STYLE ubonyeze Enter. Utakutana na fonti za aina mbili. Za SHX, kama romans.shx na isocp.shx, ni mistari mitupu, kama ile unayochorea ukuta. Za TrueType, kama Arial, ni maumbo yaliyojazwa wino. Tofauti hii ndiyo chanzo cha nusu ya kero. Fonti ya SHX haina toleo lililokolezwa wala la herufi zilizoinama, ndiyo maana kitufe cha B hakifanyi kazi hata ukikibonyeza mpaka kesho.

Ila kwa kuwa SHX ni mistari, inafuata unene wa mstari wa leya yake, yaani tabaka la mchoro ilimowekwa. Tengeneza leya mbili: moja ya maelezo ya kawaida yenye unene wa milimita 0.35, nyingine ya maonyo yenye 0.50 au 0.70. Sentensi ya chokaa iweke kwenye leya ya pili na itatoka imekolea, bila kugusa kitufe chochote. Ile 0.35 sikuibuni: katika ISO 3098 herufi za aina B zina unene wa sehemu moja ya kumi ya kimo, hivyo kimo cha 3.5 huendana na kalamu ya 0.35. Fonti za TrueType hazifuati unene wa leya. Hizo utazikoleza ndani ya kihariri cha maandishi, neno kwa neno.

Rangi usiitegemee kutoa msisitizo. Ukichapa kwa monochrome.ctb, mpangilio wa uchapaji wa rangi moja, nyekundu inakuwa nyeusi, na fotokopi nayo haijui nyekundu ni nini. Onyo lijengwe kwa maneno yenyewe na mahali lilipo: marufuku yatangulie, sentensi iwe fupi, na izungushiwe mstatili karibu kabisa na ukuta unaohusika. Onyo lililofichwa namba ya kumi na saba ya maelezo ya jumla pembeni mwa karatasi halisomwi na mtu.

Hatua ya 3: Acha kimo cha staili kiwe 0

Ukiandika 3.5 kwenye dirisha la STYLE unajifunga: vipimo vinavyotumia staili hiyo vitapuuza kimo ulichoviwekea kwenye mpangilio wao. Weka 0, kisha uweke alama kwenye Annotative, inayofanya maandishi yafuate skeli. Baada ya hapo chagua skeli chini ya skrini kabla ya kuandika. Kwa skeli ya 1:50, herufi ya 3.5 kwenye karatasi huwa 175 ndani ya mchoro. Kwa 1:20 huwa 70. Programu itakupigia hesabu hiyo yenyewe.

Majina ya vyumba mimi huyaweka ndani ya mchoro kwa njia hii. Maelezo ya jumla huyaweka kwenye layout, yaani ukurasa wa kuchapia, moja kwa moja kwenye karatasi, ambako 3.5 ni 3.5.

Hatua ya 4: Itulize MTEXT, amri ya maandishi ya aya

Kwanza andika MTEXTCOLUMN na uipe 0. Bila hivyo kila kisanduku kipya cha maandishi kinakuja na safu zinazojigawa zenyewe, na ukivuta kona moja aya inarukia upande wa pili.

Pili, nafasi kati ya mistari. Chagua maandishi, fungua dirisha la sifa kwa Ctrl+1, tafuta Line space style, badilisha At least iwe Exactly. Kwenye At least, mstari wowote wenye sehemu (kama ½) au herufi kubwa zaidi unajisukuma mbali na wenzake, orodha ikaonekana kama ina mapengo. Nafasi ya kawaida ni mara 1.66 ya kimo cha herufi, kwa hiyo kwa 3.5 kila mstari unakula takriban milimita 5.8. Maelezo ya mistari ishirini yanahitaji kama milimita 116 za karatasi. Pima hivyo kabla ya kuchora fremu ya maelezo.

Tatu, usibandike kutoka Word kwa Ctrl+V ukaridhika. Fonti na vimo vya Word vinaingia pamoja na maneno. Yachague yote ndani ya kihariri, bofya kulia, kisha Remove Formatting, uondoe yote.

Alama: %%d ni nyuzi, %%c ni kipenyo, %%p ni jumlisha-au-toa. Kipenyo utakihitaji sana kwa boriti za mkoko.

Hatua ya 5: Funza kamusi majina ya sehemu za nyumba

Daka, tekani, msana, ndani, zidaka: yote yatapigiwa mstari mwekundu. Usizime ukaguzi. Bofya kulia kwenye kila neno uliongeze kwenye kamusi yako. Kazi hiyo ni ya mara moja, na baadaye mstari mwekundu ukitokea utakuwa unaonyesha kosa la kweli.

Hatua ya 6: Maandishi ya Kiarabu kwenye milango

Ukipima mlango wa nakshi wenye maandishi ya Kiarabu, SHX za kawaida hazitakusaidia. Zitatoa alama za kuuliza. Kwa maelezo yaliyonakiliwa pembeni tumia TrueType yenye herufi hizo, kama Arial au Amiri, na uhakikishe herufi zimeungana na mstari unaanzia kulia. Zikitengana, andika kwenye Word, hifadhi kama PDF, kisha ilete kwa PDFATTACH.

Maandishi yaliyo kwenye mbao zenyewe usiyaandike kwa fonti yoyote. Piga picha ukiwa umeuelekea mlango sawasawa, ilete kwa IMAGEATTACH, uirekebishe kwa vipimo ulivyochukua, kisha ufuatishe kwa PLINE. Mkono wa mchongaji ni sehemu ya urithi huu uliofanya mji uorodheshwe na UNESCO mwaka 2001, na fonti ya kompyuta inaufuta.

Hatua ya 7: Kabla ya kutuma

Andika PDFSHX uipe 0. La sivyo, kila neno la SHX linaweza kugeuka kuwa maoni ndani ya PDF, na anayefungua faili kwenye simu atakutana na visanduku tele.

Mchoraji mwenzako akihitaji DWG, yaani faili lenyewe la AutoCAD, tumia ETRANSMIT na uweke alama ya kujumuisha fonti. Fonti ikikosekana AutoCAD huweka nyingine mahali pake, upana wa herufi unabadilika, mistari inakatika pengine, na hapo ndipo maneno yanapopanda kuta.

Mwisho chapa A3, nyeusi na nyeupe, uipige fotokopi mara moja zaidi. Ipeleke nje juani, ishike kwa urefu wa mkono, utafute sentensi ya chokaa. Isipoonekana kwa haraka, rudi hatua ya 2 uongeze unene wa leya ya maonyo, au uisogeze karibu zaidi na ukuta wake.