Ngano ya mkate: usitazame asilimia ya protini peke yake

Shehena mbili za ngano zinaweza kuwa na protini asilimia 12 kila moja, lakini unga wa moja ukaumuka vizuri na wa nyingine ukatambaa siniani. Mara nyingi chanzo ni mbegu.

Ngano ya mkate ina jozi 21 za kromosomu, urithi wa mababu watatu. Nguvu ya gluteni, yaani protini inayonyumbuka ya unga, hutegemea sana jeni za glutenini (sehemu ya gluteni inayoipa uimara), hasa jeni iitwayo Glu-D1. Mbegu yenye aina ya Glu-D1 iitwayo 5+10 kwa kawaida hutoa gluteni imara kuliko yenye aina ya 2+12. Ugumu wa punje nao una jeni zake, Pina na Pinb: zote mbili zikiwa salama, punje huwa laini, moja ikiwa na hitilafu, punje huwa ngumu na unga wake hunywa maji zaidi. Kipande cha kromosomu ya shayiri-nyeusi (rai, kwa Kiingereza rye) kiitwacho 1RS kiliingizwa kwenye ngano kwa ajili ya kinga ya magonjwa, ila huufanya unga uliokandwa unate. Kwa hiyo muulize muuza mbegu daraja la uokaji, si mavuno tu.

Naitrojeni huongeza kiasi cha protini. Haibadilishi jeni ulizopanda. Bakiza sehemu ya mbolea uiweke suke linapokaribia kuchomoza, udongo ukiwa na unyevu. Urea ikibaki juu ya udongo bila mvua au umwagiliaji wa kuizamisha, sehemu yake inaweza kupotea hewani. Salfa ikipungua, gluteni hukakamaa na hainyumbuki vizuri hata kama protini inasomeka juu.

Kipimo cha nyumbani: kanda gramu 100 za unga mweupe kwa mililita 60 hivi za maji, uache nusu saa, kisha osha tonge juu ya chekecheo hadi maji yasiwe meupe. Kinachobaki ni gluteni mbichi. Ivute: ikinyumbuka na kurudi, ni nzuri; ikikatika au kutiririka, ni dhaifu, hata ikiwa nyingi.

Mvua wakati wa mavuno huharibu yote haya. Punje zikianza kuota sukeni, kimeng'enya cha amilesi huvunja wanga na mkate huwa na kiini kinachonata. Vuna mapema sehemu iliyokomaa, na ile iliyoota itenge: kiasi kidogo tu kikichanganywa hushusha daraja la ghala zima. Ukikausha kwa mashine, usiunguze punje. Joto kali huua gluteni, na punje mbichi ndizo huathirika haraka zaidi.